Barua kwa mwanangu anayekwenda kuongoza shule Kolwezi

Lubumbashi, mwisho wa Agosti

Mwanangu mpenzi,

Baba yako alinisomea ujumbe wako mara mbili, nami nilirudi jikoni nikakuta bukari, ugali wetu, imeungua. Kuteuliwa kwako kuwa mkurugenzi wa shule ya msingi ni heshima kwa nyumba nzima. Kwamba shangazi yako alijua kabla yetu, hilo tutaliongea ukija kuchukua mizigo.

Nina ombi moja. Kila asubuhi, kabla hujafungua barua yoyote ya ofisi, uwe umejua mtoto gani hakuja, na umjue kwa jina. Mwaka wangu wa kwanza wa ukurugenzi nilidhani kazi ni makaratasi: ripoti za mkaguzi, orodha za mishahara, malalamiko ya walimu wapya waliofundisha miezi mingi huku majina yao hayajaingia kwenye malipo ya serikali. Katiba ya Kongo yetu ya 2006, katika kifungu cha 43, iliahidi elimu ya msingi bila malipo katika shule za serikali, lakini ahadi hiyo ilianza kutekelezwa nchi nzima Septemba 2019, na madarasa yakafurika. Mkuu wa shule anayelalamika kila siku kwamba watoto ni wengi mno haoni upesi kwamba mmoja amepungua. Kulikuwa na mvulana wa darasa la sita aliyekosa wiki tatu. Mwalimu wake alitia alama daftarini kila siku, nami nilitia sahihi yangu kila Ijumaa, na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Nilimkuta mwenyewe katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, akisukuma kigari cha magunia. Alinisalimu kwa adabu, akanipisha njia. Hakurudi shuleni, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulifanyika bila yeye.

Kolwezi patakuwa pagumu kuliko hapa. Unajua kwamba kule Kasulo, mtaa wa Kolwezi, watu walichimba madini ya kobalti hata ndani ya nyua zao. Mtoto anayeosha na kuchambua mawe anarudi na pesa jioni ileile, na mama yake anaiona, wakati faida ya shule haionekani mezani. Kwa hiyo usimwite mama huyo ofisini kumkaripia, maana una ulimi mkali, na huo sikukufundisha mimi peke yangu. Nenda kwake, keti, pokea unachopewa, kisha uulize. Mara nyingi utakuta tatizo ni sare, au daftari, au mdogo wake anayehitaji mlezi mchana.

Nawe usikubali mtoto arudishwe nyumbani kwa ajili ya pesa, hata kamati ya wazazi ikikusihi. Zamani zile wazazi walipokuwa wakichanga kuwalipa walimu, tulisimama mlangoni na orodha. Nilisimama na mimi. Viatu vyako vya komunyo vilitoka katika pesa hizo, na sijawahi kukuambia hivyo.

Walimu wako wasikilize kabla ya kuwaamuru, hasa yule mzee kuliko wote, hata kama anasinzia mchana. Tena ingia darasani. Mimi nilikaa karibu muhula mzima bila kusikiliza somo hata moja, na nilipoingia hatimaye, watoto walisimama kwa hofu kana kwamba mkaguzi amekuja.

Nkambo yako anakuulizia. Mguu umevimba tena, lakini dawa anazimeza. Umeme unakuja usiku tu, kwa hiyo tunapikia makaa, na gunia limepanda bei. Mdogo wako amepata shati jeupe, bado viatu. Nimekuwekea unga, ndakala kavu, wale samaki wadogo, na bidoni mbili, kwa sababu sijui maji ya huko yakoje, nawe hukusema hata umepata chumba upande gani wa mji. Barabara ni kama kilomita 300. Usipande basi la jioni.

Ukifika, tuandikie. Na jioni ya siku ya kwanza ya masomo nitumie ujumbe unitajie ni watoto gani hawakuja na nani amekwenda kwao kuwauliza.

Ni mimi mama yako