Mzinga wa Kubisha Hodi

Mwanangu Salimu,

Huku nyumbani sote wazima. Bibi yako anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri. Juzi uliniambia kwamba kwenye ule mchezo wenu wa vifaru Mjerumani hashindwi. Salio likaisha kabla sijakujibu, ndiyo maana naandika.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza 1939, mzinga wa Wajerumani wa kupigia vifaru ulikuwa wa milimita 37. Mdogo, mwepesi, askari wachache wanausukuma kwa mikono. Mei 1940, karibu na Arras kule Ufaransa, vikaja vifaru vya Waingereza aina ya Matilda. Risasi zikawa zinagonga na kudunda. Rommel, jenerali wao Wajerumani, ikambidi atumie mizinga ya milimita 88, iliyoundwa kwa kutungulia ndege. Mwaka uliofuata wakaingia Urusi, wakakutana na vifaru vya Warusi, T-34 na KV. Askari wenyewe wakaupa mzinga wao jina: kibisha hodi cha jeshi. Unapiga hodi, na mwenye nyumba anatoka kuja kukukanyaga.

Ikatoka mizinga ya milimita 50, kisha Pak 40 ya milimita 75. Na hata mizinga ya Warusi na Wafaransa waliyoiteka waliirekebisha wakaitumia. Hapo mimi fundi mwenzao nawaelewa: spea ikikosekana, unafunga ya gari jingine.

Pak 40 ulikuwa unatoboa T-34, sikatai. Lakini una kilo zaidi ya 1,400. Unakumbuka masika ile pikapu ya mjomba wako ilivyozama, tukaisukuma watu wanane isitikisike? Sasa usukume mzinga huo huku unapigwa. Mingi iliachwa palepale topeni waliporudi nyuma.

Mwishoni wakaishia kwenye Panzerfaust: bomba la chuma la kubana kwapani, lenye kichwa cha baruti mbele, la kufyatua mara moja tu. Liliweza kutoboa chuma cha milimita 200, ila lile la kufika mita 30 tu lilitaka ukisogelee kifaru kama kutoka mlangoni kwetu hadi kisimani. Oktoba 1944 wakaanzisha jeshi la raia, Volkssturm, wanaume wa miaka 16 hadi 60, na hayo mabomba ndiyo waliyopewa. Wewe 16 unatimiza mwezi ujao.

Likifyatuliwa, moto unatoka kwa nyuma pia. Kwa hiyo waliliandika kwa rangi nyekundu: *Achtung! Feuerstrahl!* Jihadhari, mwali wa moto. Mtoto anasoma, anageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake, halafu anakingoja kifaru.

Viatu nimempa kondakta wa basi la Jumamosi. Vipokee mwenyewe.

Baba yako