Tanzia zituambie marehemu alimfundisha nani

Mhariri,

Kurasa zenu za tanzia nazisoma sana, na karibu zote hutaja yaleyale: vyeo alivyoshika marehemu, mali, watoto na wajukuu. Sina ugomvi na hayo. Ila mimi ni mkunga mstaafu, umri umenitupa mkono, na nikiwaza siku yangu ya kuondoka humkumbuka Ignaz Semmelweis.

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari huyu aliagiza wanaotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wajawazito. Vifo vya homa ya uzazi vikashuka sana. Wenzake wengi walimpinga hadi alipofariki mwaka 1865, ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili.

Leo wakunga wengi hawalijui jina lake, lakini wananawa. Nami nimewafundisha wasichana wengi: vua pete, sugua katikati ya vidole, usisahau gumba, funga bomba kwa kiwiko. Juzi nilimkuta mmoja wao, sasa naye ni mwalimu, amemshika mwanafunzi kiganja akimwambia, "Gumba, mwanangu, gumba!" Maneno yangu yaleyale. Machozi yalinitoka.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, familia zinapoleta tanzia ziulizwe pia marehemu alimfundisha nani, na alimfundisha nini. Nasi wazee tusingoje. Tuwaonyeshe vijana kazi zetu hatua kwa hatua, tungali na nguvu ya kuwasahihisha wanapokosea.

Mkunga mstaafu