Baba, kuhusu haya maji ninayochota

Shikamoo baba, natumaini wote wazima hapo Mwanza. Mimi mzima kabisa, baridi ya Chicago tu ndo inanisumbua.

Juzi kwenye simu uliniuliza hii masters ndo kuchota maji tu? Ngoja nikueleze. Kuna samaki wa Asia wanaitwa silva kapu, waliletwa Marekani miaka ya 1970 wasafishe mabwawa, wakatoroka wakaingia mto Mississippi na sasa wanapanda kuelekea Ziwa Michigan. Wanakula vile vijidudu vidogo vya majini ambavyo samaki wote wachanga wanavitegemea, na wakisikia injini wanaruka juu hata mita 3, wanaumiza watu kwenye boti. Kwenye mfereji unaounganisha huo mto na ziwa wameweka mpaka vizuizi vya umeme.

Sasa wakiwa wachache nyavu haiwapati, hilo wewe unalijua kuliko mimi. Ila samaki anaacha ute na kinyesi majini na humo mna DNA yake, yaani vinasaba vyake, kwa hiyo tunachota maji tunayachuja, ile filta inaenda maabara. Kazi kubwa ni usafi baba, chupa zinaoshwa kwa jiki, glavu unabadilisha kila sehemu, halafu kuna chupa moja ya maji safi tunaifungua palepale mtoni na kuipima kama zingine, hiyo ikionyesha samaki basi uchafu umetoka kwetu na kazi ya siku nzima haiaminiki tena.

Na DNA ikionekana bado sio kwamba samaki yupo, ndege anaweza kumla kule akaja kunya huku. Lakini mwaka 2009 DNA ilionekana ng'ambo ya vizuizi, upande wa ziwa, watu wakabishana sana, 2010 wavuvi wakamnasa mmoja mzima Ziwa Calumet, hapa Chicago ng'ambo hiyohiyo, wa aina ya kapu kichwa kikubwa, ndugu yake silva kapu. Mimi ndo maana naiamini hii njia.

Nawaza sana ziwa letu Victoria. Najua ada yangu imetoka kwa sangara, siwezi kumsema vibaya, ila aliwekwa miaka ya 50 na 60 na kufika miaka ya 80 furu, wale samaki wetu wadogo wa asili, aina nyingi zikapotea, nyingine hata hazijapewa jina na wataalamu. Naomba umkalishe babu akutajie furu wote anaowakumbuka, majina ya kwetu, rangi zao na walikokuwa wanavuliwa, umrekodi unitumie WhatsApp. Asiruke hata wale wadogo.

Mama mpe shikamoo yangu, hela ya dawa natuma Ijumaa.