Malalamiko: Barua iliyolala mezani kwenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUCHELEWESHWA KWA UHAMISHO WA UMILIKI WA NYUMBA

Mimi ni mteja wenu, na ninyi ndio mnaonishughulikia uhamisho wa umiliki wa nyumba ninayonunua. Mkataba wa mauziano niliusaini ofisini kwenu, amana nikailipa siku hiyohiyo, nikaahidiwa kukabidhiwa funguo ndani ya wiki 8. Hii ni wiki ya 19.

Sikutegemea mambo yaende mbio. Nilijua hati miliki lazima ipekuliwe isije ikawa na zuio, na kwamba muuzaji ana rehani ambayo benki yake sharti iifute kwanza. Kwa hayo nilijiandaa. Nisilokubali ni jinsi mlivyonieleza mambo, pale mliponieleza, maana katika wiki zote hizi hamjanipigia simu hata mara moja. Mimi ndiye napiga, na kila ninapopiga napokelewa na mtu mwingine mwenye jibu lilelile: "Tupo hatua za mwisho."

Wiki ya 13 niliambiwa tunakwamishwa na benki ya muuzaji, kwamba haijatoa barua ya kufuta rehani. Nikaamini, nikatulia. Wiki ya 18 nilikwenda kwenye nyumba kupima madirisha kwa ajili ya mapazia (ndiyo, nilikuwa bado na matumaini ya kiasi hicho) nikamkuta muuzaji mwenyewe. Alinipokea kwa ubaridi. Kumbe ofisi yenu ilimwambia anayechelewesha ni mimi, eti sijapata mkopo! Tulipoelewana alinionyesha kwenye simu yake nakala ya barua ya benki ikiwa na muhuri wenu wa kupokea. Mliipokea wiki ya 12. Yaani mliponiambia haijatoka, ilikuwa kwenu tayari.

Ofa yangu ya mkopo iliisha muda wake wiki ya 17. Barua ile ingeshughulikiwa ilipofika, tungekuwa na wiki 5 mkononi. Sasa benki yangu inataka uthamini mpya wa nyumba kwa gharama yangu, na ofa mpya imekuja na riba ya juu zaidi, nitakayoilipa kila mwezi mpaka mkopo uishe. Benki hiyo ilikuwa tayari kuongeza muda wa ofa ya kwanza kama ingepata barua yenu fupi ya kueleza mauziano yamefikia wapi. Niliwaomba barua hiyo wiki ya 15, kwa maandishi. Sikujibiwa.

Kwa upande wangu nimejitahidi kupunguza hasara. Notisi ya kuhama nilikuwa nimeshaitoa kwa kutegemea ahadi yenu, hivyo nimelazimika kumbembeleza mwenye nyumba aniongeze mwezi mmojammoja, na keshanionya kwamba huu ndio wa mwisho. Nusu ya vitu vyetu vimo kwenye maboksi tangu wiki ya 7. Vyeti vya watoto vya kuzaliwa nilivitafuta siku mbili, nikavikuta chini ya sufuria. Tangu wiki ya 10 pia naandika kwenye daftari kila simu ninayowapigia: tarehe, saa, aliyepokea na alichoahidi. Nakala ya kurasa hizo naiambatanisha.

Ninachotaka ni maelezo ya maandishi ndani ya siku 7 za kazi: hatua zipi zimebaki, kila moja iko kwa nani, na itakamilika lini. Nataka pia afisa mmoja anayelijua jalada langu na mwenye simu inayopokelewa. Gharama ya uthamini wa pili mlipe ninyi, na tukutane kuzungumzia tofauti ya riba kabla sijasaini ofa mpya. Nisipopata jibu, wakili wangu ataendelea kwa kutumia kifungu cha ucheleweshaji kilichomo kwenye mkataba wetu wa huduma, nami nitalipeleka suala hili kwa chombo kinachosimamia shughuli zenu.

Na muuzaji naye mwandikieni mumweleze ukweli. Nimeshamweleza mimi, lakini aliyemdanganya si mimi.

Wenu,
Mteja, mnunuzi wa nyumba

Viambatanisho: nakala ya mkataba, ombi langu la wiki ya 15, kurasa za daftari