Dada wa Kariakoo, asante sana

Dada uliyenikuta pale Kariakoo kwenye duka la vifaa vya keki, jina lako sikuuliza ila asante sana dada angu. Mdogo wangu hali mayai wala maziwa, na mahafali yake nilitaka ale biskuti kama wageni wote, sio akatiwe tikiti maji pembeni. We ukaacha foleni yako ukanielekeza kila kitu, mafuta ya nazi badala ya siagi, donge likae kwenye friji kwanza maana kwa joto la Dar mafuta ya nazi yanakuwa maji tu na biskuti zinatambaa kwenye trei, halafu machungwa ya Muheza nikwangue ganda la juu tu, ile nyeupe ndo yenye uchungu. Aisingi ni sukari ya unga na maji ya ndimu, hamna haja ya ute wa yai, na ukiweka rozela kidogo inatoka pinki nzuri mno, ndimu inaikoleza. Nikazichora kofia za mahafali. Yaani mdogo wangu alivyofurahi! Bibi kabeba zingine kwenda nazo Tanga. Dada, Mungu akubariki sana, ukiona hii nitafute, boksi lako nimelitenga.