Soya siyo sumu kwa kuku, shida ni kuuziwa mbichi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo linaniuma. Huku Ruvuma soya tunalima wenyewe, na dagaa wakipanda bei kila mfugaji anakimbilia soya kuchanganyia chakula cha kuku. Yuko sahihi kabisa, punje ya soya ina protini karibu asilimia 40 na mafuta karibu asilimia 20, kunde gani nyingine inatoa hivyo? Kazi inaharibikia mashineni. Soya mbichi inasagwa hivyo hivyo pamoja na mahindi na mashudu ya alizeti, inajazwa kwenye kiroba, na anayenunua haambiwi kitu.

Matokeo yake tunayaona mabandani. Vifaranga wanakula kweli kweli ila hawakui, mmoja mkubwa mwingine kama wa juzi, kinyesi laini, maranda yanalowa, banda linanuka, mtu anakimbilia agroveti kununua antibaiotiki wakati ugonjwa hamna! Soya mbichi ina kitu kinachozuia tripsini, yaani kile kimeng'enya cha kusaga protini tumboni, sasa kongosho la kuku linajitahidi kutengeneza kingine na kingine mpaka lenyewe linavimba, na protini uliyoinunua kwa hela yako inatoka kwenye kinyesi. Halafu kuna lektini, aina ya protini iliyomo kwenye soya mbichi, zinazoshambulia ukuta wa utumbo. Nguruwe wadogo nao wanaumia vilevile. Na hii siyo habari mpya, watafiti wa lishe Osborne na Mendel kule Marekani walishaonyesha mwaka 1917 kwamba panya wakipewa soya iliyopikwa ndiyo wanakua.

Ng'ombe mkubwa ana nafuu kwa sababu vijidudu vya tumbo lake la kwanza vinavunjavunja chakula kabla, ila ole wako umchanganyie soya mbichi na urea (ile ya mbolea), soya mbichi ina kimeng'enya kinachoibadilisha urea kuwa amonia haraka haraka na mnyama anaweza kufa.

Sasa kwenye magrupu ya wafugaji wameanza kusema soya ina homoni za kike inaharibu majogoo, tuiache. Hapana jamani. Isoflavoni, vitu vya asili vilivyomo kwenye soya, zipo kweli na zinafanana kidogo na estrojeni, yaani homoni ya kike, na kondoo wa Australia Magharibi miaka ya 1940 walipata shida ya uzazi kwa kula klova, mmea wa malisho, yenye vitu vya jamii hiyo, lakini kuku karibu dunia nzima wanalishwa mashudu ya soya yaliyopita kwenye moto na wanataga vizuri tu.

Dawa yake ni moto. Ichemshe kama nusu saa tangu maji yaanze kutokota halafu uanike, au ikaange mpaka iwe rangi ya dhahabu huku unageuza, ila usiiunguze maana ikiwa nyeusi laisini, sehemu ya protini anayoihitaji kuku ili akue, inaharibika na kuku watadumaa tena. Ukitaka kujua uliyouziwa ni mbichi, chukua unga kidogo wa hiyo soya kabla haijachanganywa na kitu, weka kwenye chupa na urea kidogo na maji, funga, subiri kama nusu saa, ukifungua harufu kali ya amonia ikakupiga puani basi hiyo ni mbichi (na huo mchanganyiko mwaga, asilishwe mnyama yeyote). Fosforasi ya soya nayo nyingi imeshikwa na fitati, kitu cha kwenye punje ambacho kuku hawezi kukisaga vizuri na moto wa jikoni haukiondoi vya kutosha, kwa hiyo DCP (ule unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) usiiache.

Ninachoomba ni hiki, sheria ya vyakula vya mifugo tunayo tangu 2010, wakaguzi wapite kwenye mashine za kusaga na siyo kwenye maduka makubwa peke yake, na kila kiroba chenye soya kiandikwe kama imekaangwa au bado. Na wewe Mhariri, ukurasa wenu wa kilimo ungeandika hili kabla ya mavuno, wakati watu hawajaanza kusagisha.

Mfugaji wa kuku,
Songea