Waipa mpya, michirizi ileile: anza na kioo

Mvua za vuli zikianza, wateja wetu wengi huja na swali moja: "Nimebadilisha waipa juzi tu, mbona kioo bado kinachora?" Mtu ameshafika Gerezani, amechagua waipa nzuri, amefungiwa palepale. Jioni mvua inamkuta kwenye foleni ya Kimara, na taa za malori yanayotoka Morogoro zinatapakaa kioo kizima hadi haoni pikipiki iliyo mbele yake. Hilo ni jambo la hatari, na mara nyingi waipa aliyoinunua haina kosa lolote. Kosa liko kwenye kioo.

Kioo cha mbele cha gari linalotembea Dar es Salaam hubeba tabaka la uchafu ambalo mchana huwezi kuliona. Moshi wa dizeli una masizi yenye mafuta, na masizi hayo hunata. Matairi ya gari lililo mbele yako hurusha maji yaliyochanganyika na oili iliyodondoka barabarani. Ukiishi karibu na bahari, upepo unaleta chumvi. Ukiegesha chini ya mwembe, utomvu nao umo. Sabuni ya kawaida hupunguza tu haya yote, haiyamalizi.

Lakini madoa yanayotutesa zaidi hutokana na kuosha kwenyewe. Sehemu nyingi za kuoshea magari hutumia maji ya kisima, na visima vingi vya mji huu vina chumvi na chokaa. Gari likioshwa juani, maji yanakauka kabla hayajafutwa na chokaa inabaki kwenye kioo. Wiki hadi wiki inajijenga, mpaka kioo kinakuwa na viduara vyeupe ambavyo kitambaa hakivitoi. Kisha kuna dawa za kung'arisha. Nta ya bodi na dawa ya dashibodi yenye silikoni ni nzuri mahali pake. Kijana anayeosha akitumia kitambaa kilekile kufutia dashibodi na kioo, silikoni inahamia kwenye kioo, na silikoni haiondoki kwa maji.

Ukingo wa raba ya waipa ni mwembamba na umenyooka. Waipa ikienda, ukingo unalala upande mmoja. Ikirudi, unapinduka upande wa pili. Kwenye kioo safi maji hutandaa sawasawa na ukingo huo unayasukuma yote. Kwenye kioo chenye mafuta maji hukatikakatika kuwa vitone vidogo sana, raba inavipita juu yake, na nyuma inaacha ukungu unaodumu sekunde mbili tatu. Usiku, kila kitone kinatawanya mwanga. Kwenye chokaa mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kioo kimekuwa na ukwaru na raba inaliwa kila inapopita. Ndiyo maana waipa mpya kwenye kioo kichafu huzeeka upesi.

Unaweza kujua tatizo lako bila kuja kwetu. Ukungu mpana unaotokea na kutoweka nyuma ya waipa ni mafuta au silikoni. Mstari mmoja mwembamba unaobaki mahali palepale ni raba iliyochanika, au punje ya mchanga iliyonasa kwenye ukingo. Eneo zima likiachwa na maji bila kuguswa, angalia mkono wa waipa: umepinda au springi yake imelegea, na hapo hakuna dawa ya kioo itakayosaidia. Waipa inayorukaruka na kulia huwa na raba iliyokauka kwa jua, au mkono uliopinda kiasi kwamba raba haiwezi kupinduka. Magari yanayotoka Japani yanahitaji uangalifu hapa, maana raba nyingi hufika zikiwa za zamani. Kwa mengi kati yake unaweza kubadilisha raba peke yake na kuacha fremu, na gharama inashuka sana.

Ukitaka kusafisha mwenyewe, egesha kivulini na usubiri kioo kipoe. Kwanza mwagia maji mengi ili mchanga uondoke. Mchanga wa kwartzi ni mgumu kuliko kioo, kwa hiyo kusugua kioo kikavu chenye vumbi ni kukikwaruza kwa mikono yako. Osha kwa shampuu ya gari, suuza. Kisha changanya siki nyeupe na maji safi nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, ukilaze juu ya madoa meupe kwa dakika tano hivi. Siki inayeyusha chokaa. Usiiache ikauke wala isitiririkie kwenye rangi ya bodi, suuza vizuri. Mwisho futa kwa spiriti ukitumia kitambaa cha maikrofaiba ambacho hakijawahi kugusa nta. Usisahau raba: nyanyua waipa, pitisha kitambaa chenye spiriti kwenye ukingo mara kadhaa mpaka kisitoke cheusi. Ukichomoa waipa, weka taulo juu ya kioo, kwa sababu mkono mtupu ukijirudisha kwa springi unaweza kukipasua.

Halafu pima. Mwaga maji safi juu ya kioo. Yakitandaa sawasawa, umemaliza. Yakijikusanya kuwa vitone, bado kuna mafuta, isipokuwa kama umepaka kwa makusudi dawa ya kufukuza maji.

Madoa yakigoma baada ya hapo, ndipo kazi yetu inapoanza. Tunatumia udongo maalumu wa kusafishia unaochomoa utomvu na masizi yaliyoganda, kisha unga laini wa siriamu oksaidi uliochanganywa na maji, kwa mashine ya mwendo wa polepole yenye pedi ya manyoya yaliyoshindiliwa. Tunapoza kioo muda wote kwa maji, kwa kuwa joto likikusanyika mahali pamoja kioo kinaweza kupasuka. Tunamaliza kwa maji yaliyochujwa chumvi. Bei tunakupa baada ya kukiona kioo, maana doa la mwezi mmoja na la miaka mitatu si kazi moja.

Tunaomba sana, acha mafuta ya taa na dizeli. Yanatoa lami kweli, lakini yanaacha mafuta yaleyale unayotaka kuyaondoa. Waya wa kusugulia sufuria uachie jikoni. Sabuni ya unga kwenye tangi la maji ya waipa huziba matundu ya kurushia maji na kuacha ukungu wake. Weka maji safi ya kunywa au dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Wapo madereva wanaopaka tumbaku kwenye kioo mvua ikinyesha. Inasaidia kwa muda, kisha inabaki kuwa uchafu mwingine.

Kuna kioo ambacho hatutakigusa, na tutakuambia hivyo mapema. Pitisha ukucha polepole juu ya alama. Ukucha ukikwama, huo si uchafu, ni mkwaruzo, mara nyingi wa chuma cha waipa iliyokwisha raba. Kuufuta kwa mashine kungemaanisha kula kioo mahali pale, na sehemu iliyoliwa inapindisha unachokiona. Mbele ya macho ya dereva hatufanyi hivyo kwa bei yoyote. Magari yenye kamera nyuma ya kioo, kama Subaru zenye EyeSight, nayo tunayapa uangalifu wa peke yake: kamera inatazama barabara kupitia kioo hichohicho, kwa hiyo sehemu iliyo mbele yake tunaisafisha kwa mkono tu na hatupaki dawa ya kufukuza maji. Kioo chenye mkwaruzo wa kina kinabadilishwa. Tutakueleza cha kuangalia kabla hujanunua kingine, hata kama kazi hiyo utaipeleka kwa fundi mwingine.